Daraja la Kwanza, Daraja la Nne

Aliyepita sekondari nchini Tanzania haitaji kuelezwa kwamba daraja la kwanza ni pilau na daraja la nne ni kikao cha familia. Waliopanga vimbe za ubongo na uti wa mgongo hawakusoma kwetu, lakini ngazi zao zinafanana na zetu kwa namna inayochanganya. Nazo ni nne. Nazo kwa miaka mingi ziliandikwa kwa namba za Kirumi. Nazo, la kwanza ndilo unaloliomba. Tofauti ni kwamba huku hakuna kurisiti.

Mimi si daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, naishi Mbagala, na kazi yangu ya kila siku ni kuuliza nani aliandika waraka, lini, na akiwa na nini mezani. Siku niliposhika karatasi ya majibu ya shangazi yangu, yenye neno refu la kitabibu na pembeni yake namba I, niliisoma kama ninavyosoma waraka wowote. Nani alianza kuhesabu moja hadi nne? Alihesabu kwa kutazama vichwa vya nani?

Nianze mbali kidogo. Tarehe 25 Novemba 1884, jijini London, daktari Rickman Godlee alifungua fuvu la kijana wa Kiskochi na kutoa uvimbe uliokuwa umejificha ndani ya ubongo. Haukuonekana kwa nje hata kidogo. Mwenzake, Hughes Bennett, alikuwa amekisia ulipo kwa kufuatilia viungo vilivyokuwa vikishtuka na kulegea. Walipofungua waliukuta palepale. Kijana alifariki yapata mwezi mmodi baadaye kwa maambukizi, lakini habari ilikwishaenea: ubongo unaweza kusomwa kutoka nje. Mwezi huohuo wa Novemba, wakubwa wa Ulaya walikaa Berlin kujadili Afrika, na Carl Peters alikuwa Usagara akikusanya alama za machifu kwenye mikataba. Silazimishi matukio haya yahusiane. Ila mwanafunzi wa historia akiona tarehe mbili zimekaa jirani hivyo, hawezi kupita bila kuzisalimia.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1887, ikawa zamu ya mgongo. Kapteni mmoja aitwaye Gilbey alikuwa amezunguka kwa madaktari na maumivu yake mpaka miguu ikafa ganzi. William Gowers alikisia kuna kitu kinachobana ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya pingili. Victor Horsley akafungua, akatafuta, hakuona kitu, akapanda juu zaidi, akaukuta. Gilbey alirudi kutembea na kufanya kazi. Uvimbe wake ulikuwa umekaa nje ya kamba yenyewe, ukiikandamiza tu. Mpaka leo hilo ndilo swali la kwanza kwa uvimbe wa mgongo: upo nje ya ngozi inayofunika kamba, upo kati ya ngozi na kamba, au umezaliwa ndani ya kamba yenyewe? Mahali huja kabla ya jina.

Huku kwetu kufungua fuvu hakukuwa jambo la kigeni. Abagusii wa magharibi mwa Kenya walikuwa na waganga waitwao omobari, waliokwangua mfupa wa kichwa kwa mgonjwa aliyepigwa na kubaki na maumivu yasiyokwisha, na ustadi wao uliandikwa na hata kupigwa filamu katika karne ya 20. Hawakuwa wakitafuta vimbe. Nawataja kwa sababu masimulizi mengi ya tiba ya kichwa Afrika Mashariki huanza na meli ya mzungu, na mimi sioni sababu ya kuanzia hapo.

Sasa kuhesabu. Mtu wa kumjua hapa ni Harvey Cushing, Mmarekani aliyekuwa mpasuaji na pia, kwa macho yangu, mtunza nyaraka mwenye uchu. Alihifadhi kila uvimbe alioutoa, akaweka picha na faili la kila mgonjwa, na aliwataka wale waliopona wamwandikie barua kila mwaka kumweleza hali zao. Mwaka 1931 alifikisha uvimbe wake wa 2,000. Mamia ya mitungi yenye akili za wagonjwa wake ipo Chuo Kikuu cha Yale, na tangu 2010 unaweza kushuka chini ya maktaba ya tiba ukaitazama imepangwa rafu kwa rafu.

Mwaka 1926, Cushing na Percival Bailey walichapisha kitabu kilichogawa glioma katika aina 14. Glioma ni jina la ukoo: ni vimbe zinazotokana na seli za glia, zile zinazoshikilia na kulisha seli za fahamu. Bailey alitazama seli kwenye hadubini akaamini kila uvimbe unafanana na seli ya ubongo iliyokwama mahali fulani katika safari yake ya kukua tumboni mwa mama. Seli iliyokwama mapema ilikuwa na vurugu zaidi, iliyokaribia utu uzima ilikuwa na adabu. Kisha wakachukua kila aina na kuangalia kwenye mafaili wagonjwa wake waliishi muda gani. Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Jina la uvimbe, tangu mwanzo, lilikuwa historia ya marehemu.

Aina 14 zilikuwa mzigo kwa madaktari wengi. Mwaka 1949, James Kernohan na wenzake wa Mayo Clinic walipendekeza jambo jepesi: acheni majina mengi, toeni namba. Daraja la kwanza hadi la nne, kwa kuangalia seli zimekuwa za ajabu kiasi gani, ngapi zinajigawa, mishipa ya damu imeongezeka vipi, na kama kuna sehemu zilizokufa. Mwaka 1979, Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake cha kwanza cha vimbe za mfumo wa fahamu, chini ya uongozi wa Mjerumani Klaus Zülch, na kitabu hicho kikaoanisha vyote viwili. Jina la ukoo, kisha namba.

Kuna jambo watu hulichanganya, hata vijiweni. Saratani ya titi au ya shingo ya kizazi hupangwa kwa hatua: imefika wapi, imeruka kwenda viungo gani. Uvimbe ulioanzia kwenye ubongo ni nadra kutoka nje ya mfumo wa fahamu, kwa hiyo kuuliza "umefika hatua ya ngapi" hakusaidii sana. Unaulizwa tabia yake. Daraja la kwanza hukua taratibu na mara nyingi huondoka kwa kisu peke yake. La pili ni mpole kwa sura lakini hupenyeza na hupenda kurudi. La tatu linajigawa kwa kasi. La nne halisubiri. Glioblastoma, ya daraja la nne, ndiyo inayoogopwa kuliko zote kwa watu wazima: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya temozolomaidi juu ya mionzi kulisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Miezi miwili na nusu, na dunia nzima ya madaktari ikabadilisha utaratibu wake kwa ajili hiyo.

Meninjioma ni jirani tofauti. Haitoki kwenye ubongo wenyewe bali kwenye utando unaoufunika, na nyingi ni za daraja la kwanza. Jina hilo alilitunga Cushing mwaka 1922.

Ya shangazi ilikuwa meninjioma.

Anaishi Tandika. Kwa miaka mingi aliuza vitumbua asubuhi, na mtaa mzima ulijua iliki yake kabla ya kumwona yeye. Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa vitumbua. Vikaanza kuungua upande mmoja, tena si mara moja, na yeye akiwa amekaa palepale. Wateja walilalamika, akalaumu unga, akabadilisha duka. Hakuna aliyefikiri kwamba hasikii harufu, kwa sababu nani huenda hospitali kusema pua yangu haisikii? Baadaye akawa mkimya, yeye aliyekuwa akitutania hadi tunakimbia. Wakasema ni utu uzima. Macho yakaanza ukungu, akanunuliwa miwani, kisha miwani nyingine. Kichwa kikauma asubuhi, akapewa dawa za presha. Jirani mmoja alisema ni majini na akatuelekeza kwa mtu. Tulikwenda, sina haja ya kuficha. Ilipita miaka minne na zaidi kabla ya mtu kuandika karatasi ya CT scan, na picha ilipotoka uvimbe ulikuwa mbele, juu ya paa la pua, mkubwa kama limau.

Ukisoma vitabu, dalili zake zote zimepangwa kama ratiba ya treni: uvimbe wa mahali pale hula harufu kwanza, kisha tabia, kisha macho. Uliukaa ubongo polepole mno kiasi kwamba ubongo ulisogea na kuupisha. Upole huo ndio uliomponza. Uvimbe wa daraja la nne ungempeleka hospitali ndani ya wiki chache. Wa kwanza ulimpa muda wa kuzoea, na sisi tukazoea pamoja naye. Alifanyiwa upasuaji, uvimbe ukatoka karibu wote, na karatasi ikaandikwa daraja la I. Binamu yangu alipiga vigelegele kwenye korido. Jicho la kulia halikurudi, na la kushoto linaona vivuli.

Nimeitafakari sana ile namba. Inasema kweli kuhusu seli, na haisemi chochote kuhusu mahali, wala kuhusu muda uliopita kabla ya hadubini. Jenerali Leonard Wood, mmoja wa wakubwa wa jeshi la Marekani, alitolewa meninjioma na Cushing mwenyewe mwaka 1910, akarudi kazini akapanda cheo. Uvimbe ulirudi. Mwaka 1927 alilala tena kwenye meza ya Cushing na hakuamka. Na kuna kinyume chake: meduloblastoma, uvimbe wa nyuma ya kichwa kwa watoto, ni daraja la nne, lakini katika nchi zenye upasuaji wa haraka, mionzi na dawa, watoto wengi wanaoupata hupona. Namba ile inaeleza uvimbe usipoguswa. Ukiguswa, na nani, na lini, hayo yapo nje ya karatasi.

Na huku, kugusa kulichelewa. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali iliyobeba jina la Sewa Haji, mfanyabiashara aliyetoa fedha zake kuijenga. Mwaka 1956 ikafunguliwa Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Katika miaka hiyo, maandiko ya madaktari wa kikoloni yalipenda kurudia kwamba vimbe za ubongo ni adimu kwa Mwafrika. Mwaka 1944, Eria Muwazi na Hugh Trowell wa Mulago walichapisha mapitio ya wagonjwa 269 wenye maradhi ya mfumo wa fahamu nchini Uganda, moja ya hesabu za kwanza za aina hiyo katika ukanda huu. Lakini fikiria ilibidi kutokea nini ili uvimbe wa mtu wa Tandika au Kigogo uhesabiwe. Kwanza afike hospitali. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na picha ya kuonyesha ndani ya kichwa zaidi ya eksirei na vipimo vya kuingiza hewa au dawa, ambavyo vilihitaji mtaalamu na vilikuwa na maumivu yake, ilibidi afariki hospitalini na ndugu wakubali mwili ufunguliwe. Katika mji wa pwani, maiti huzikwa siku hiyohiyo. Adimu, kwa hiyo, lilikuwa neno la daftari zaidi kuliko la miili. CT scan yenyewe ilimpima mgonjwa wa kwanza Oktoba 1971, huko Wimbledon, na kabla ya hapo hata Mwingereza alikuwa akikisiwa.

Ukitaka kucheka kidogo: mgonjwa wa kichwa Dar es Salaam huelekezwa "Mifupa". Taasisi ya MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, ilibeba mifupa kwenye jina lake, na upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu ukakua ndani yake kama mpangaji aliyekuja na begi moja akaishia kuchukua vyumba. Nimewahi kumsikia abiria wa daladala akibishana kwamba ndugu yake hawezi kupelekwa Mifupa wakati anaumwa kichwa. Mwaka huohuo wa 1996 Ocean Road ikawa taasisi inayojitegemea ya saratani, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata mionzi.

Nje ya jiji mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 2006, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, akakosa msumeno wa kukata fuvu. Alimwona mkulima akikata tawi kwa msumeno wa waya, akaununua, akauchemsha, akautumia. Kisha akamfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi, kufanya upasuaji huo mwenyewe. Wakubwa wa fani walibishana: je, ni sawa kumkabidhi ubongo mtu asiye bingwa? Naelewa hofu yao. Naelewa zaidi mgonjwa wa Mbulu, ambaye bingwa aliyekuwa karibu naye hakuwa karibu.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia namba. Kwetu, si kila kinachoonekana kama uvimbe ni uvimbe. Kifua kikuu huweza kujenga donge ndani ya ubongo, au kula pingili hadi miguu ife, na kwenye picha kikadanganya macho yenye uzoefu. Mayai ya kichocho huweza kupotea njia yakatua kwenye ugwe wa mgongo wa kijana aliyeoga ziwani, akaacha kutembea. Mabuu ya minyoo ya nguruwe hufanya makazi kichwani. Hayo yote yana dawa. Ndiyo maana kipande kidogo cha nyama chini ya hadubini kina thamani kuliko picha kumi, na ndiyo maana mtaalamu wa patholojia, ambaye mgonjwa hamwoni kamwe, ndiye anayetoa hukumu.

Siku hizi hata hadubini haitoshi. Mwaka 2008 watafiti waligundua kwamba baadhi ya glioma zina mabadiliko katika jeni iitwayo IDH, na kwamba wenye mabadiliko hayo huishi muda mrefu zaidi. Kitabu cha WHO cha 2016 kiliingiza jeni ndani ya majina. Toleo la tano, la 2021, lilikwenda mbali: uvimbe unaoonekana mpole machoni unaweza kupewa daraja la nne kwa sababu ya jeni zake tu. Ependimoma moja ya sehemu ya chini ya mgongo, iliyokuwa la kwanza, ikapandishwa la pili kwa kuwa hurudi mno. Na namba za Kirumi zikaachwa, sasa ni 1, 2, 3, 4, kwa sababu II na III ni rahisi kukosea unapoandika, na kosa hilo ni maisha ya mtu. (NECTA, kazi kwenu.)

Kwa maabara isiyo na vipimo vya jeni, kitabu kimeweka mlango. Mtaalamu anaandika jina la uvimbe kisha anaongeza herufi tatu, NOS, zinazomaanisha kwamba haikubainishwa zaidi. Ni herufi za uaminifu. Anasema: nimeona nilichoweza kuona. Lakini mimi niliyezoea nyaraka naona kitu kingine pia. Namba za Boston na Rochester zilijengwa na mafaili ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa barua hadi mwisho wao. Mgonjwa wetu anayeandikwa NOS, halafu akarudi Chanika au Kibada na simu yake ikazimwa, haongezi chochote kwenye hesabu itakayomhukumu mwenzake kesho. Maandiko ya hospitali za Afrika yanaonyesha meninjioma zikichukua sehemu kubwa ya vimbe zinazopasuliwa. Ni miili yetu iko hivyo, au ni kwamba wenye vimbe za haraka hufariki kabla ya kufika? Swali hili halijibiwi na hadubini. Linajibiwa na rejista.

Chukua mionzi ya glioblastoma kama inavyopangwa vitabuni: vipindi 30, siku tano kwa wiki, wiki sita. Kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Ocean Road ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, na mgonjwa ana msindikizaji, kwa hiyo zidisha mara mbili. Nauli hiyo haimo kwenye daraja lolote. Ukikosa siku kwa mvua au kwa msiba, tiba imepungua, na atakayeandika matokeo miaka kumi ijayo ataandika kwamba uvimbe ulikuwa mkali.

Shangazi hakuhitaji mionzi. Anahitaji picha kila mwaka, kwa sababu kilichobaki kwenye paa la pua ni kidogo lakini kipo. Binti yake ndiye anakaanga sasa. Shangazi huketi pembeni na kumuuliza kila baada ya dakika, "Vimeiva? Vinanukiaje?" na binti hujibu kwa kirefu, kwa sababu jibu la mkato linamuudhi. Picha ijayo ni Februari. Ameshaanza kuweka kwenye kibubu, na amenikabidhi mimi kazi ya kutunza faili: karatasi zote, kwa mpangilio wa tarehe, kwenye bahasha moja ya kaki.